Visahani Vinane vya Valvu

Jumapili, tarehe 9 Aprili. Bondeni, Kyela. Miaka saba na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Ilipungua kidogo saa mbili, watu wakaenda kanisani wamekunja suruali, kisha ikarudi na nguvu zake zote. Sasa ni saa kumi. Nimekaa kibarazani, mikono ina oili mpaka viwikoni, na siwezi kutulia. Nimeshasimama mara nne tangu nianze ukurasa huu. Nasimama, naitazama injini, narudi, nakaa.

Sina hakika kama ni injini ninayoitazama.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani yamechanganyika.

Mimi ni mbebaji. Nabeba mpunga na kakao kwenye ghala la Bwana Salum, mtu wa hapa Bondeni ambaye babu yake alitoka Kilwa. Lori likija napakia, lori likikwama Kasumulu napelekwa huko mpakani kushusha na kupakia upya. Shule niliishia darasa la tano. Kwetu ni Kiomboi, Iramba, nchi kavu, ambako mvua ya wiki moja ya hapa ingetutosha mwaka mzima. Nilikuja na lori la vitunguu nikasema nakaa msimu mmoja. Nikimwambia mtu kwamba nilisema hivyo, siku hizi nacheka mwenyewe kabla hajacheka yeye.

Pikipiki ilikuwa kwenye kona ya ghala, chini ya turubai. Ilipita Kasumulu miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa kinapita: redio, mitumba, baiskeli, magodoro. Kijana mmoja mfanyabiashara aliiacha pale imekwama injini, akasema anarudi wiki ijayo. Hakurudi. Ni pikipiki ya mashindano, nyekundu, imeinama mbele kama mbwa anayenusa, na ina silinda nne zilizokaa mstari mmoja. Pikipiki nyingine zote ninazozijua hapa Kyela zina silinda moja. Mwaka jana mwezi wa nane Bwana Salum alinikuta naifuta vumbi.

"Mnyiramba, unaipenda?"

"Naiangalia tu, bosi."

"Ichukue. Inakula nafasi ya magunia ishirini, na haijanipa hata salamu."

Nikaisukuma mpaka ninapopanga, watu wakinisindikiza kwa kicheko njia nzima.

Ninapopanga ni kwa Mzee Ambokile. Huyu alikaa miaka zaidi ya ishirini kwenye chumba cha injini cha meli, bandarini Itungi, mpaka walipopunguza wafanyakazi. Alirudi nyumbani na sanduku la spana na masikio mabovu. Nilipoingiza pikipiki uani hakuuliza nimeipata wapi. Aliizunguka mara moja, akaigonga ubavuni kwa kidole, akasema, "Injini ni injini, mwanangu. Ile yangu ilisukuma meli. Hii itasukuma mjinga mmoja."

Tukaanza. Pistoni zilikuwa zimeshika kutu, tukazilowesha kwa dizeli wiki tatu mpaka zikaachia. Gasketi tulikata kwa boksi gumu la biskuti. Matundu ya kabureta nikayazibua kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Nilikuwa nikitoka ghalani mgongo unawaka, nanawa uso, nakaa chini kwenye injini. Ukiniuliza kwa nini sikuwa napumzika, nitakwambia pikipiki ni yangu. Lakini kuna sababu nyingine.

Januari ilikuja barua ya mama. Ameandika dada yangu, ila maneno ni ya mama, nayajua. Baba mdogo anataka shamba la ukoo ligawanywe mwaka huu, mtama ukishavunwa. Baba yangu alishafariki, na mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Kwetu wakikaa kugawa, asiyekuwepo hakatiwi fungu. Nisipokuwepo fungu la baba litaingia kwa baba mdogo, na mama atalima kwa kuomba ardhi ambayo ameilima tangu aolewe.

Nikajibu kwamba nitafika kabla ya mavuno. Nikaongeza kwamba nitafika na pikipiki yangu mwenyewe.

Hakuna aliyeniuliza habari za pikipiki. Niliandika mwenyewe.

Nimesimama tena. Nimeenda hadi kwenye pipa, nimerudi.

Sasa niandike kuhusu visahani, maana leo yote yametokea humo.

Juu ya kila valvu ya injini hii kuna kisahani cha chuma, kidogo kama kifungo cha koti. Unene wake ndio unaoweka nafasi kati ya valvu na shafti inayoisukuma. Nafasi yenyewe ni ndogo, unaipima kwa vibapa vyembamba kama karatasi. Kisahani kikiwa chembamba mno, injini inapiga kelele kama cherehani. Kikiwa kinene mno, valvu haifungi, nguvu inavujia hapo, na moto unaanza kuula ukingo wa valvu kidogo kidogo. Vipo vinane. Vipya havipatikani hapa, na Mbeya sikuvikuta. Kwa hiyo Mzee alivisugua vile vile vya zamani kimoja kimoja, juu ya kipande cha kioo, kwa msasa laini na oili, anapima, anasugua, anapima. Alitumia wiki nzima. Alipomaliza akavipanga juu ya ubao, kila kimoja mahali pake, kuanzia silinda ya kwanza mpaka ya nne, akauweka ubao juu ya mfuniko wa pipa chini ya upenu. Hakuandika namba. Mzee hapendi kuandika. Husema daftari lake liko kichwani.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa Februari. Kesho yake mimi nilipelekwa Kasumulu kwa siku tatu, malori yalikuwa mengi. Niliporudi nikakuta ameshavifunga na kifuniko cha juu kiko mahali pake. Tukatia petroli, nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Ikawaka. Ikakohoa, ikatema moshi, ikazima.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki sita. Inawaka, inakohoa, inazima. Tumefungua kabureta mara tatu. Nimebadili plagi, nimemwaga petroli nikaweka nyingine, nimelaumu mvua. Kimoyomoyo nimemlaumu Mzee, nikasema masikio yake mabovu hayasikii tena injini. Jirani zetu wana neno lao kila jioni. "Mnyiramba, ndege yako inaruka lini? Tuandae uwanja?" Mama mmoja muuza mbasa, samaki wa ziwani, huzima jiko lake nikianza kupiga kiki, anasema anaogopa kulipuka naye.

Aprili ikaingia. Kila asubuhi nikiamka nahesabu mtama uko wapi. Sasa unatoa masuke. Sasa ndege wameanza.

Lazima nimtaje Mama Lusajo. Ni mke wa mtoto wa Mzee. Mume yuko Chunya kwenye dhahabu, yeye anaishi hapa na wakwe zake. Wenyeji wa hapa wana heshima ambayo mimi mgeni ilinichukua mwaka mzima kuielewa. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, hapiti mbele yake, hata jina lake halitamki. Wengi mjini wameshaliacha hilo, lakini nyumba hii hawajaliacha, na wala hawalitazami kama mzigo. Mzee akifika langoni anakohoa, Mama Lusajo anazunguka nyuma ya ukuta wa matete ulioko kando ya jiko. Mama Lusajo akitaka kuvuka uani Mzee akiwepo, anagonga sufuria, na Mzee anageuza uso ukutani mpaka apite. Wanaishi hivyo miaka sita, na sijawahi kuona wakigongana. Wakiwa na neno la kuambiana hupitia kwa mama mkwe. Tangu Februari mama mkwe yuko Mwaya kwenye mpunga wao, anafukuza ndege.

Sasa kosa langu. Januari, wiki ile ile ya barua, nilimkuta Mama Lusajo anavunja kokwa za mawese kwa spana yangu namba kumi na saba. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu si sababu. Nilimfokea. Nilimwambia akigusa tena chuma changu chochote tutaonana wabaya. Alisema, "Sawa, shemeji," akaiosha spana, akaniwekea mlangoni. Tangu siku hiyo alikuwa akiizunguka pikipiki kwa mbali kama mtu anayezunguka mbwa wa jirani. Mimi nikaona vizuri, amenielewa.

Leo asubuhi Mzee alikuwa kanisani. Mama Lusajo alibaki kupika. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nasugua plagi ambazo nilizisugua juzi. Nikasikia kisu kinasita.

"Shemeji."

"Naam."

"Ukinifokea nitanyamaza. Ukinisikiliza nitasema."

Nikaweka plagi chini. Nikamwambia sifoki.

Alisimama mlangoni mwa jiko, ndizi mbichi mkononi, akasema huku anamenya ili asinitazame. Siku ile niliyokwenda Kasumulu, Mzee alikwenda Mwaya msibani. Mchana ukaja upepo, na mvua nyuma yake. Ubao ukayumba juu ya pipa. Visahani vinne vya upande wa ukuta vilibaki, vimegandishwa na oili. Vinne vya upande wa banda la kuku vikaanguka kwenye maji ya upenu. Akaingia matopeni akavitafuta kwa vidole mpaka akavipata vyote. Akaviosha kwa sabuni, akavifuta kwa kanga yake, akavirudisha kwenye ubao.

"Ulivipanga vipi?" nikauliza.

"Kwa kung'aa. Kinachong'aa sana kikawa cha kwanza. Nikajua nimekosea hata kabla sijamaliza. Vile vya Mzee havikupangwa kwa kung'aa."

Nikaokota spana iliyokuwa miguuni pangu. Nikabana spana mkononi. Nikakumbuka nimesema sifoki.

"Kesho yake asubuhi," akaendelea, "Mzee akaja na kijiko chake kile alichokipinda cha kubonyezea valvu, akakaa, akaanza kuvifunga. Mimi niko nyuma ya matete, namwona mgongo. Bibi hayupo, wewe hupo. Nifanye nini? Nikagonga sufuria ili ashtuke. Akageukia ukuta."

"Akadhani unapita."

"Nikagonga tena. Akasogea zaidi ukutani. Nikagonga mpaka mfuniko ukaingia bonde, yeye kajifunika uso na kofia, ananingoja nipite. Nipite niende wapi, shemeji?"

Akacheka. Nami nikacheka, sikutegemea. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia niliporudi.

Alitazama spana iliyokuwa mkononi mwangu. Namba kumi na saba.

Wiki sita. Wiki sita mwanamke huyu amepika na kufua hatua kumi kutoka nilipokuwa napiga kiki, anajua injini inaumwa nini, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nimewaza leo mchana kutwa ni watu wangapi wameshanyamaza kwa sababu yangu. Baba mdogo labda. Alikuwa akiniandikia miaka ya mwanzo, nikamjibu vibaya mara moja.

Saa sita kasoro tulisikia kikohozi langoni. Mama Lusajo akazunguka nyuma ya matete. Mzee akaingia, akavua viatu vya kanisani, akaning'iniza koti. Nikamweleza yote. Alisikiliza, mkono kwenye kidevu, na nilipofika kwenye sufuria mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ndaga, Mungu wangu," akasema, akishukuru kwa lugha ya kwao huku anafuta macho. "Asubuhi ile nilisema moyoni, huyu binti leo ana safari ngapi? Shingo iliniuma siku mbili."

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria mpaka dakika ile. Kila kisahani akishakifunga hukipima tena kwa kibapa, ndiyo desturi yake tangu melini. Siku ile alipima vinne vya kwanza, akavikuta sawasawa. Vinne vya mwisho hakuvipima. Sufuria ilikuwa inalia, akaona anamchelewesha mtoto wa watu, akafunga kifuniko haraka aondoke uani.

Yule aligonga ili amzuie, na huyu akaharakisha kwa kumheshimu. Hakuna aliyekosa adabu, na injini ikaharibika.

Tukafungua kifuniko hapo hapo, chini ya upenu, mvua inatumwagikia visigino. Mzee akataka kujua ni vipi hasa vilivyoanguka. Mama Lusajo yuko nyuma ya matete, hatua tano. Mzee anasikia kwa shida, lakini hakuwa kiziwi kiasi hicho.

"Muulize, vilivyobaki vilikuwa upande gani."

Nikageuka. "Mama Lusajo, vilivyobaki vilikuwa upande gani?"

"Mwambie upande wa ukuta wa nyumba."

Nikageuka. "Upande wa ukuta wa nyumba."

"Nimesikia," akasema Mzee, "lakini ndaga." Kisha, "Muulize ana hakika vyote vinne ni vile vile, hakuna alichookota kingine."

"Mwambie niliokota na sarafu moja, hiyo sikuirudisha."

Nikasema na hilo. Mzee akajibu akiutazama ukuta, kama anaongea na ukuta wenyewe, kwamba sarafu ile ni yake, ila amesamehe.

Nimefanya kazi nyingi hapa Kyela, lakini kazi ya kurudia maneno ambayo kila mtu ameshayasikia sikuwahi kuifanya. Niliifanya kwa moyo.

Basi makosa yalikuwa silinda ya tatu na ya nne. Mzee akabonyeza kwa kijiko chake, akachomoa, akapima, akabadilishana. Kilichokuwa nne kikaenda tatu, kilichokuwa mbele kikaenda nyuma. Alipima kila kimoja mara mbili. Baada ya hapo akaniambia nitoe plagi, nizibe tundu kwa kidole gumba, nisukume kiki polepole kwa mkono. Upepo unapaswa kukirusha kidole. Silinda ya kwanza ukakirusha. Ya pili ukakirusha. Ya nne ukakirusha, nikacheka kwa sauti.

Ya tatu ukanigusa tu, kama mtu anayepuliza chai.

Mzee akachukua kipande cha mpira wa maji, akaingiza ncha moja kwenye bomba la moshi, nyingine sikioni, kama alivyokuwa akifanya melini. Nikasukuma. Akafumba macho. Nikasukuma tena.

"Inavujia hapa," akasema. "Valvu ya kutolea moshi. Wiki sita haikufunga, moto umeila ukingo. Hedi, kichwa chote cha injini, lazima ishuke, tuitoe valvu, tuisage."

"Siku ngapi?"

"Kwa hali hii ya mvua, na unga wa kusagia tuutafute? Wiki tatu. Nne."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo linanifanya nisimame na kukaa tangu saa nane.

Nilipumua. Aliposema wiki nne, kifua changu kilifunguka. Nilitakiwa kuumia, na uso wangu niliukunja kama mtu aliyeumia, lakini ndani nilifurahi. Wiki nne ni Mei. Mei nitasema bado gasketi. Juni watakuwa wameshagawa, nami nitaandika barua nzuri ya kueleza habari za valvu.

Nadhani uso haukukunjika vizuri. Maana sauti ilitoka nyuma ya matete, na safari hii haikuwa ya kuulizwa.

"Shemeji, muulize Mzee kama mtama wa Iramba unangoja valvu."

Mzee alikuwa anafuta vibapa vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja. Hakuinua kichwa.

"Hujaniambia alichosema," akasema.

"Umesikia, mzee."

"Sijasikia. Niambie wewe."

Nikasema. "Anauliza kama mtama wa Iramba unangoja valvu."

"Mwambie haungoji."

Nikageukia matete. "Anasema haungoji."

"Muulize kama mama yako ameomba pikipiki au ameomba mtoto."

Nikageukia Mzee, nikarudia na hilo, neno kwa neno, ila mama yako nikasema mama yangu. Mzee akafunga sanduku la spana. Akasema swali hilo hawezi kulijibu yeye, mwenye barua yupo. Kisha akaingia ndani kubadili nguo. Sikusikia kitu kingine nyuma ya matete ila kuni zinavunjwa.

Nilibaki pale katikati, nimeshika kiki.

Kweli ni hii. Basi lipo kila asubuhi. Lilikuwepo Januari, lilikuwepo mwaka jana na mwaka juzi. Nauli ninayo, imekaa kwenye kopo la maziwa. Kinachonishinda ni kushuka kwenye basi Kiomboi baada ya miaka saba nikiwa na mfuko mmoja na mgongo mbovu, nipite mbele ya watu niliowaaga kwa kusema nitarudi mtu mwingine. Niliona nikifika na kelele za silinda nne hakuna atakayetazama mfuko. Ndiyo maana nilikuwa nasugua plagi safi.

Niliwahi kumcheka mfanyakazi mwenzangu ghalani aliyekaa miaka kumi na tano akisema mwaka huu naenda. Yule sasa haulizwi tena anaenda lini.

Saa tisa nilikwenda jikoni. Mzee alikuwa amelala. Nikamwambia Mama Lusajo nimekosa, tangu siku ya spana. Aliendelea kukoroga. Akasema, "Spana yako haina faida hata hivyo, inavunja kokwa vipande vipande." Kisha akanipa sahani ya ndizi na dagaa, nikala nimesimama. Sikuweza kukaa.

Nimemwamsha Mzee nikamweleza nilichoamua. Hakushangaa. Amesema hedi ataishusha mwenyewe Jumatano, na valvu ataisaga polepole, ana kitu cha kufanya masika yote. Amesema pia kwamba namba ataandika safari hii. Nimempa kalamu yangu ya pili.

Kesho asubuhi nitamwambia Bwana Salum. Atanitania, atasema nikiondoka magunia yatalia. Nitamwacha aseme. Nguo zangu zinajaa mfuko mmoja, nimeshazikunja, nimezikunjua, nimezikunja tena. Oili ya kucha haitoki hata kwa majivu, nitakwenda nayo. Mama ataiona, ataniuliza, nitamwambia ukweli kwamba pikipiki ipo, haitembei, na nilitaka kujificha nyuma yake. Kwa baba mdogo nitakwenda mwenyewe kabla hajaniita, nimsalimie kwanza, shamba baadaye.

Jumanne napanda basi la Mbeya. Toka Mbeya nashika la Morogoro, kisha Dodoma, kisha Singida, na kutoka Singida chochote kinachokwenda Kiomboi. Barabara ikiwa na matope sana nitaongeza siku moja. Nitakaa mpaka mtama uvunwe, wazee wakae, fungu la baba lipimwe kwa hatua na mimi nikiwa nimesimama juu yake. Huku Kyela nisitegemewe kabla ya Julai.

Nyumbani natarajia kufika Ijumaa, kabla jua halijazama. Likinikuta njiani, basi Jumamosi.